Kifaranga, Kinda na Kiluwiluwi: Watoto wa Wanyama Wanavyomfungulia Mtoto Wetu Kusoma na Sayansi

Jioni moja huko Ujiji niliketi barazani na mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka sita, akinisomea kitabu chake cha picha. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama: "Kifaranga amelala. Mama kuku yuko karibu." Wazazi wake walifurahi, nami nikafurahi, mpaka nilipotambua kwamba kidole chake kilikuwa kwenye neno "kuku" wakati mdomo wake ukitamka "amelala". Nilipoifunika picha kwa kiganja, usomaji ukakoma palepale. Mtoto hakuwa akimdanganya mtu. Alikuwa ameukariri ukurasa ule kwa kuusikia mara nyingi, kama anavyokariri wimbo, na picha ya kifaranga ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha maneno.

Kisa hicho ni kidogo, lakini ndani yake mna mkanganyiko ninaoukuta kila mara wazazi wa Kigoma wanapozungumzia elimu ya watoto wadogo. Wapo wanaoamini kwamba mtoto anayeweza kuimba a, e, i, o, u tayari anasoma. Wapo wanaoamini kwamba sayansi ni somo la maabara na makoti meupe, ambalo mtoto atalikuta mbele ya safari akishakuwa mkubwa. Na wapo wanaoviona vitabu vya ndama na vifaranga kuwa ni vya kumtuliza mtoto asilie, si vya kumfundisha. Mambo hayo matatu yamefungana fundo moja, na njia rahisi ya kulifungua ni kuwatazama viumbe wachanga ambao mtoto wa mkoa huu anawaona uani, kisimani na ziwani.

Tuanze na maneno yenyewe. Kusoma ni uwezo wa kutazama alama zilizoandikwa, kuzigeuza kuwa sauti, na kuelewa kile ambacho sauti hizo zinasema. Sehemu zote tatu lazima ziwepo: anayetoa sauti bila kuelewa hajasoma, na anayekumbuka maana bila kutazama herufi naye hajasoma. Sayansi, kwa mtoto wa miaka minne hadi minane, ni kuangalia kwa makini, kuuliza, kukisia jibu, kisha kusubiri ili aone kama alikisia sawa. Ninaposema mtoto wa mnyama, namaanisha kiumbe chochote ambacho bado hakijakomaa, awe ametoka tumboni, ndani ya yai au majini, hivyo jana la nyuki ni mtoto wa mnyama sawasawa na ndama.

Neno hilo "jana" lenyewe linafaa kusimamiwa kidogo. Warina asali wa Tabora na wa misitu ya huku kwetu huliita jana buu la nyuki linalolelewa ndani ya sega, na wingi wake ni majana. Mtoto anayejua "jana" kuwa ni siku iliyopita hushangaa kugundua kwamba herufi zilezile nne zinataja kiumbe, na kwamba ni sentensi nzima pekee inayoweza kumwambia ni jana ipi inayozungumzwa. Hapo amejifunza jambo la msingi kuhusu kusoma ambalo hakuna wimbo wa irabu utakaomfundisha: maana haikai kwenye neno peke yake.

Kiswahili kina neema kubwa kwa msomaji anayeanza. Irabu zake ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mtoto akishazimudu silabi anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia, na ndiyo sababu mafunzo ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, katika darasa la kwanza na la pili hukaa sana kwenye silabi. Majina ya viumbe wachanga yanajipanga yenyewe kutoka jepesi hadi gumu. "Buu" ni jepesi kabisa. "Kinda" na "ndama" yanaleta mwungano wa n na d, ambao mtoto huutamka vizuri kila siku lakini hushtuka anapouona umeandikwa. "Kifaranga" lina silabi nne, na ya mwisho ina ng, ambayo baadaye mzazi ataitofautisha na ile ng' ya ng'ombe, yenye king'ong'o na alama yake juu. "Kiluwiluwi" linatisha kwa urefu, lakini mtoto akilikata atakuta silabi tano ambazo kwa kweli ni tatu tu, ki, lu na wi, mbili kati yake zikirudiwa. Nimewaona watoto wakicheka kwa fahari baada ya kulishinda neno hilo, na fahari ya namna hiyo ina thamani kuliko zawadi yoyote ya pipi.

Sarufi nayo inaingia bila kutajwa jina. Kifaranga kinaanza kwa ki-, kama kikombe, lakini tunasema "kikombe kimevunjika" na "kifaranga amelala", kwa sababu kifaranga ana uhai. Mtoto anayeongea Kiha nyumbani na kukikuta Kiswahili shuleni anahitaji kuusikia upatanisho huo mara nyingi katika mazungumzo ya kweli. Pia aruhusiwe kumtaja ndama kwanza kwa Kiha, kwa kuwa kiumbe anachokifahamu tayari kwa lugha ya mama kinahitaji jina jipya tu, ilhali kiumbe asichokifahamu kinamtaka ajifunze jina na kiumbe kwa pamoja.

Siku 21 za kuku

Kama nyumba ina kuku mmoja anayeatamia, ina darasa la wiki tatu. Yai la kuku huchukua takribani siku 21 kuanguliwa. Siku ya kwanza mtoto ahesabu mayai na kuandika idadi yake kwenye kipande cha boksi au ukutani kwa mkaa. Kila asubuhi aongeze namba moja, na chini yake mzazi aandike sentensi fupi ya kile walichokiona pamoja: "Mama amekaa." "Mama anageuza mayai." "Leo ametoka kunywa maji." Kesho yake mtoto aisome sentensi ya jana kabla ya kuandikiwa mpya. Sentensi hizo zina nguvu kuliko za kitabu, kwa kuwa mtoto mwenyewe ni shahidi wa kila neno, na kwa kuwa kila siku ni mpya hazikaririki kirahisi.

Karibu na siku ya saba, usiku, chukueni yai moja taratibu, mliweke mbele ya tochi ndani ya chumba chenye giza. Yai lenye kifaranga litaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui kutoka kwenye doa jeusi. Yai lisilo na kifaranga litang'aa tupu. Mwombeni mtoto akisie ni mayai mangapi yataanguliwa, muandike kisio lake, kisha msubiri. Watu wazima wengi hupenda kumsahihisha mtoto papo hapo, na hapo ndipo sayansi inapouawa, kwa sababu mtoto anajifunza kwamba jibu hutoka kwa baba badala ya kutoka kwenye yai.

Katika hatua hii huibuka dhana potofu inayoaminiwa hata na watu wazima, kwamba kile kiini cha njano ndicho kinachogeuka kuwa kifaranga. Sivyo. Kifaranga huanzia kwenye doa dogo jeupe lililo juu ya kiini, na kiini chenyewe ni chakula chake, kama vile abiria wa treni ya kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam anavyofungashiwa wali na samaki kwa kuwa hajui atakula wapi njiani. Kabla tu ya kuanguliwa kifaranga huvuta mabaki ya kiini hicho ndani ya tumbo lake, na hiyo ndiyo sababu vifaranga wa siku moja wanaweza kusafirishwa mbali ndani ya maboksi bila kulishwa na wakafika wazima. Dhana ya pili ni kwamba kila yai lina kifaranga ndani yake. Kuku hutaga hata bila jogoo, lakini mayai hayo hayaanguliwi hata yakiatamiwa mwezi mzima, na ndivyo yalivyo mayai mengi ya kuku wa kisasa yanayouzwa dukani kwa trei.

Siku ya kuanguliwa mtoto atazame ncha ya mdomo wa kifaranga. Kuna kijino kidogo kigumu alichokitumia kutoboa ganda kutoka ndani, nacho hudondoka baada ya siku chache. Asimsaidie kwa kubandua ganda, kwa kuwa mishipa ya kifaranga huenda bado imeshikana na utando na akaweza kutoka damu. Na baada ya kumshika, anawe mikono kwa sabuni, maana kuku hubeba vijidudu vinavyoharisha.

Baada ya kuku, tazameni kiota cha njiwa, kwa mbali na bila kukigusa. Kifaranga wa kuku hutoka akiwa na manyoya laini, macho wazi, na siku hiyohiyo anatembea na kudonoa. Kinda la njiwa hutoka likiwa karibu uchi, macho yamefumba, halijiwezi kwa lolote, na wazazi wote wawili hulilisha majimaji mazito yanayotoka kwenye gole lao. Mwulizeni mtoto kwa nini mmoja anaweza kutembea na mwingine hawezi, kisha mmwache afikiri. Akisema kwamba mmoja hukaa chini ambako paka hupita na mwingine hukaa juu ambako analetewa chakula, amefika mahali pazuri sana kwa umri wake.

Watoto wasiofanana na mama zao

Methali yetu inasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwa nyoka ni kweli tangu siku ya kwanza. Kwa chura inahitaji subira. Mtoto wa chura hana miguu, ana mkia, anapumua majini kwa matamvua kama samaki, na watoto wengi wa Kigoma niliowauliza walinijibu kwa uhakika kwamba ni samaki mdogo. Kosa hilo ni la heshima, kwa sababu walitumia macho yao. Kinachohitajika ni kuyapa macho hayo muda zaidi: kiluwiluwi akiwekwa kwenye beseni la maji ya dimbwi lake, baada ya wiki kadhaa ataota miguu ya nyuma, kisha ya mbele, na mkia utafupika. Mkia huo haukatiki wala haudondoki, kama wengi wanavyodhani. Mwili wenyewe huunyonya na kuutumia, kama fundi anayebomoa ukuta wa zamani na kuyatumia matofali yaleyale kujengea chumba kipya.

Lakini hapa lugha yetu imetutegea mtego, nao unastahili kufumuliwa kwa makini kwa kuwa unahusu afya. Neno kiluwiluwi hutumika kwa mtoto wa chura na pia kwa mtoto wa mbu. Ni viumbe wawili tofauti kabisa. Yule wa chura ana kichwa cha mviringo na mkia bapa, naye huogelea akipunga mkia. Yule wa mbu ni mwembamba kama uzi, hujikunja na kujikunjua, na mara nyingi hupanda juu ya maji kwa kuwa anavuta hewa kutoka huko. Mkoa wetu, pamoja na jirani yetu Tabora, uko miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa sana na malaria, hivyo mtoto anayeweza kuwatofautisha viumbe hao ndani ya tairi kuukuu au ndoo iliyosahaulika uani ana ujuzi wa kweli. Mkiwaweka viluwiluwi wa mbu kwenye chupa ili mtoto awatazame, ifunikeni kwa kitambaa na mmwage maji yake juu ya udongo mkavu ndani ya siku mbili au tatu, kwa sababu katika joto letu yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi.

Mabadiliko haya makubwa ya umbo, ambayo vitabu vya shule huyapa hatua za yai, lava, pupa na mdudu kamili, hutokea pia kwa kipepeo, nzi na nyuki. Kwa nyuki kuna hesabu inayowapendeza watoto: nyuki kibarua hutumia siku 21 tangu yai mpaka kutoka kwenye sega, sawa kabisa na kuku, ilhali malkia, aliyeanza na yai la namna ileile lakini akalishwa chakula tofauti, hutumia siku 16 tu. Kwa nzi, dhana ya kuondoa ni kwamba mabuu huzaliwa na nyama iliyooza. Nyama haizai, nzi ndiye aliyetaga hapo. Wekeni vipande viwili vya utumbo wa samaki mbali na jiko, kimoja kikifunikwa kwa kitambaa chepesi na kingine kikiachwa wazi, na mtoto ataona mwenyewe mabuu yanapotokea.

Ziwani

Mtoto wa Kibirizi au Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, hana haja ya kutafuta mifano mbali. Dhana ninayoisikia mara nyingi, hasa kutoka kwa wageni wanaokuja kununua, ni kwamba dagaa ni watoto wa samaki wakubwa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni samaki waliokomaa wa aina ndogo. Hata wakiachwa waishi hawatakuwa migebuka, wale samaki wakubwa zaidi wa ziwa hili. Mkanganyiko una chanzo cha kweli, kwa sababu nyavu za macho madogo huwanasa pia migebuka wachanga, nao huonekana wamechanganyika ndani ya fungu moja la dagaa. Mpeni mtoto konzi ya dagaa wakavu na mmwambie atafute asiyefanana na wenzake. Atakapompata, na kueleza ni kitu gani kimemtofautisha, amefanya kazi ileile anayoifanya mtaalamu wa samaki.

Dagaa hutaga mayai mengi majini na kuyaacha. Perege hutaga machache, na mama huyabeba mdomoni mpaka yaanguliwe, kisha huendelea kuwafungulia watoto mdomo waingie kila hatari inapokaribia. Watu waliomwona hudhani anawala wanawe, wakati kipindi hicho chakula ndicho asichokitafuta. Mtoto akiwa ameelewa hilo, ni rahisi kumweleza kwa nini uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, kipindi ambacho nyumba nyingi za mkoa huu zilikaa bila kitoweo walichokizoea: samaki walikuwa wakipewa nafasi ya kuzaa na wachanga wao nafasi ya kukua.

Kisichozaliwa nacho mtu

Nimeliacha mwisho jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na mtoto aliyehesabu siku 21 atakuwa amewaona vifaranga wakichakura bila kuelekezwa na yeyote. Ujuzi huo wamezaliwa nao. Kaskazini mwa mji wetu, katika msitu wa Gombe, kuna mtoto wa namna nyingine. Mwaka 1960 Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, alimwona sokwe pale akichomeka jani la nyasi ndani ya kichuguu na kulitoa likiwa limejaa mchwa. Mtoto wa sokwe hazaliwi na ujuzi huo. Hukaa kando ya mama yake, akimtazama mkono, akiokota vijiti vilivyotupwa, akikosea mwaka baada ya mwaka, na watafiti wa Gombe wamegundua kwamba wa kike, ambao hutazama kwa muda mrefu zaidi, huweza mapema kuliko wa kiume wanaorukaruka. Utegemezi wake kwa mama ni mkubwa kiasi kwamba mwaka 1972, sokwe mzee aliyepewa jina la Flo alipokufa, mwanawe Flint, ingawa alikuwa na miaka minane na ushei, aliacha kula na akafa ndani ya wiki chache. Mtoto aelezwe pia kwamba sokwe mchanga si wa kufuga, na kwamba anayekamatwa porini ili auzwe, mara nyingi mama yake ameuawa kwanza.

Wazazi wengi huamini kwamba kusoma ni kama kuchakura: mtoto akifika umri, kutakuja kwenyewe. Kuongea ndiko kunakokuja karibu kwenyewe, kwa mtoto anayesikia watu wakiongea. Kusoma ni kama jani la nyasi kwenye kichuguu. Mtoto hazaliwi nako, na hakuna umri wa kukufikisha pasipo mtu wa kukaa kando yake, kidole chini ya silabi, akiruhusu makosa. Kazi hiyo haimngojei mwalimu mwenye wanafunzi wengi mbele yake, wala haihitaji kitabu cha bei. Robo saa kila jioni, kipande cha boksi na kuku anayeatamia vinatosha kuanza.

Nilirudi kwa mtoto wa Ujiji baada ya siku chache nikiwa na karatasi isiyo na picha. Nilikuwa nimeandika "Kifaranga amelia", badala ya "amelala". Alianza kwa kasi aliyoizoea, akafika kwenye "ame-", akasimama. Akarudisha kidole nyuma, akatazama l, akatazama i, akanitazama mimi, kisha akasema polepole, "li... a. Amelia." Akakunja uso. "Kwa nini analia?"